Kioo cha Mbele Kimepata Ufa: Namna ya Kusoma Bima Yake na Kuidai

Simu nyingi ninazopokea kuhusu vioo vya magari huja zimechelewa. Lori lilirusha jiwe wiki tatu zilizopita, likaacha kidoa kama punje ya mtama, mwenye gari akaona si jambo la haraka, na leo asubuhi ufa umekata kioo kuanzia upande mmoja hadi mwingine. Hapo ndipo hati ya bima inatolewa kabatini na kusomwa kwa mara ya kwanza. Nimeshughulikia madai ya bima za magari kwa miaka mingi, na dai la kioo huniuma kuliko mengine, kwa sababu karibu kila linapokwama, kilicholikwamisha kilikuwa kimeandikwa wazi kwenye karatasi za mteja mwenyewe. Chukua hati yako sasa hivi, kioo kikiwa bado kizima, tuisome pamoja.

Hatua ya 1: Hakikisha kinga ya kioo ipo, na ujue ni ya vioo gani

Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, inalipa madhara uliyowasababishia wengine. Kioo chako hakimo humo. Kinga ya kioo huambatana na bima kubwa, na huko nako huja kwa njia mbili: ama imo ndani ya mkataba tangu mwanzo, ama ni nyongeza inayolipiwa peke yake. Ndiyo maana jibu la "nina bima kubwa" halitoshi. Fungua jedwali la mkataba, ule ukurasa wenye namba ya gari, thamani yake na tarehe za kuanza na kuisha, utafute mstari unaotaja windskrini, kioo cha mbele au vioo. Usipouona, mwandikie wakala au dalali wako, na umwombe akujibu kwa maandishi.

Ukishaupata, soma maneno yake taratibu. Mikataba mingine inasema kioo cha mbele tu. Mingine inajumlisha kioo cha nyuma na vya milango. Paa la kioo, taa na vioo vya kutazamia nyuma mara nyingi huachwa nje. Tofauti hii utaiona siku mwizi atakapovunja kioo cha mlango ili achukue mkoba, nawe ukaambiwa kinga yako ni ya mbele pekee.

Hatua ya 2: Linganisha kikomo na gharama halisi ya kioo chako

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Kinga ya kioo huwa na kikomo chake chenyewe, tofauti na thamani ya gari. Gari linaweza kuwa limekatiwa bima kwa thamani yake yote, lakini kwa kioo kampuni ikawa imeahidi kiasi kidogo tu. Kikomo hicho mara nyingi huwekwa kwa mazoea: mwaka jana kilikuwa hiki, mwaka huu kinanakiliwa hivyohivyo. Kioo chenyewe kimebadilika sana. Kaa kwenye kiti cha dereva, uangalie nyuma ya kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma. Ukiona kiboksi cheusi chenye jicho dogo linalotazama barabarani, hiyo ni kamera inayosaidia gari kufuata mstari au kufunga breki lenyewe. Huenda pia kuna kihisi cha mvua kinachowasha waipa, nyaya nyembamba za kupasha joto, tabaka la kupunguza kelele, au sehemu inayoakisi spidi mbele ya macho ya dereva. Kila kimoja kati ya hivyo kinapandisha bei ya kioo.

Kamera ina gharama yake ya pili. Kioo kikibadilishwa, inabidi ipangwe upya ili itazame mahali sahihi: kwa mbao maalumu zenye alama gari likiwa limesimama, au kwa kuliendesha barabarani huku kifaa cha fundi kimeunganishwa, na magari mengine yanahitaji vyote viwili. Kamera iliyopinda kidogo inaweza kulisoma vibaya gari lililo mbele yako. Usikubali kazi hiyo irukwe, na uliza kama kikomo chako kinaihesabu.

Basi fanya hivi: wapigie mafundi wawili wa vioo, wape namba ya chesisi, uulize gharama ya kazi nzima, yaani kioo, gundi, ufundi na kupanga kamera. Weka jibu hilo kando ya kikomo chako. Kikomo kikiwa chini, omba kipandishwe. Utaongeza ada kidogo, lakini ni ada unayoijua mapema.

Hatua ya 3: Uliza hesabu inafanywa kwa mpangilio gani

Karibu kila mkataba una kiasi ambacho mteja anajilipia mwenyewe kabla ya kampuni kuanza kulipa. Nitakiita mchango wako. Mchango wa kioo unaweza kuwa tofauti na ule wa ajali, kwa hiyo usisome mmoja ukadhani umeisoma yote miwili.

Tuseme kazi nzima ni 100, kikomo ni 60 na mchango ni 10. Kampuni ya kwanza inatoa mchango kwenye gharama: 100 toa 10 ni 90, halafu inalipa hadi kikomo, yaani 60. Wewe unabaki na 40. Kampuni ya pili inatoa mchango kwenye kikomo: 60 toa 10, inalipa 50. Wewe unabaki na 50. Namba ni zilezile, maumivu ni tofauti, na mteja ambaye hakuuliza hujua siku ya kulipa fundi.

Kuna maswali mengine matatu ya kuuliza hapohapo. Je, mchango unasamehewa kioo kikizibwa badala ya kubadilishwa? Kampuni nyingi huusamehe, kwa kuwa kuziba ni nafuu kwao. Je, dai la kioo peke yake linagusa punguzo langu la kutodai, yaani lile la ada analopewa asiyedai? Mikataba mingi inaliacha salama, mingine hailiachi. Na kikomo kikishatumika, je, kinga inarudi yenyewe au inabidi kuilipia upya? Swali hili la mwisho halikumbukwi na watu, na nimewaona waliopigwa na jiwe la pili ndani ya mwaka uleule wakakuta hawana kitu.

Hatua ya 4: Jiwe likipiga, lihudumie doa siku hiyohiyo

Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa pamoja kwa tabaka la plastiki katikati. Ndiyo maana kinapasuka bila kukumwagikia. Jiwe dogo kwa kawaida huumiza kioo cha nje tu, na hilo ndilo linalompa fundi nafasi ya kukiokoa: anavuta hewa kwenye doa, anasukuma resini, yaani gundi ya majimaji, ndani, kisha anaikausha kwa mwanga maalumu. Vioo vya milango mara nyingi ni kioo kimoja kilichoimarishwa kwa joto. Vikipigwa vinageuka chembechembe, na hapo hakuna cha kuziba.

Resini haishiki vizuri palipoingia vumbi na maji. Bandika utepe wa gundi unaoonyesha juu ya doa, kwa upande wa nje. Usioshe gari. Usimwage maji ya moto kwenye kioo wala kupuliza kiyoyozi cha baridi kali moja kwa moja kwenye kioo kilichochomwa na jua, maana tofauti ya joto ndiyo inayolikimbiza doa likawa ufa.

Kisha piga picha tatu: moja ya gari zima namba zikionekana, moja ya karibu ukiwa umeweka rula au sarafu kando ya doa, na moja kwa pembeni ili mwanga uonyeshe shimo. Andika saa, barabara na kilichotokea.

Hilo shimo ni ushahidi. Mtathmini anaweza kusema kioo kilipasuka kwa joto au kwa kufungwa vibaya, mambo ambayo mikataba mingi haiyalipi. Pitisha ncha ya kalamu taratibu juu ya ufa. Mahali jiwe lilipopiga, ncha itanasa kwenye kishimo kidogo, hata kama jicho halikukiona. Ufa ulioanzia ukingoni usio na kishimo popote una maelezo mengine, na ni bora ulijue hilo kabla hujaandika kwenye fomu kwamba ni jiwe.

Je, doa litazibika? Fundi ndiye wa kuamua, na sheria za barabarani hutofautiana. Ili upate picha, ukaguzi wa magari nchini Uingereza hauvumilii doa linalozidi milimita 10 katika ukanda wa milimita 290 ulio mbele ya usukani, na milimita 40 katika sehemu nyingine inayofutwa na waipa. Maana yake ni rahisi: mbele ya macho ya dereva hata doa dogo ni kubwa, kwani likizibwa bado linaacha kivuli.

Hatua ya 5: Toa taarifa kabla fundi hajagusa kioo

Mama mmoja niliyemhudumia alipata ufa siku moja kabla ya safari. Akakimbilia kwa fundi, akalipa, akasafiri, akarudi na risiti. Kampuni ikauliza: kioo cha zamani kiko wapi? Kilishatupwa. Picha? Hakupiga. Hakuwa amedanganya neno hata moja, lakini mkataba wake ulitaka kibali kwanza, na dai likakataliwa. Nililipigania kwa barua mbili bila mafanikio, na bado linanisikitisha.

Kwa hiyo piga simu au andika kwanza, upate namba ya dai, uulize kama lazima uende kwa mafundi wao. Kama una haraka kweli, waandikie ukitaja sababu, uambatanishe picha na makadirio ya fundi, usubiri jibu. Kama kioo kimevunjika pamoja na boneti katika ajali, usilifanye dai la kioo. Kwa kawaida hilo huingia kwenye dai la ajali, pamoja na mchango wa ajali.

Hatua ya 6: Kagua kabla hujaondoka na gari

Angalia kona ya chini ya kioo kipya. Kwenye magari mengi utaona alama zilizochapwa, miongoni mwake herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba, na karibu yake 43R, inayotaja kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya magari. Kioo kisicho na alama yoyote kikatae.

Muulize fundi gundi inahitaji saa ngapi kabla gari halijaendeshwa, naye akuandikie kwenye risiti. Usimharakishe. Kioo cha mbele husaidia kushikilia paa gari likipinduka, na mfuko wa hewa wa abiria katika magari mengi hufunguka ukikiegemea. Gundi mbichi haiwezi kubeba kazi hiyo. Siku ya kwanza funga milango taratibu, ukiacha dirisha moja wazi kidogo, ili hewa isikisukume kioo. Muda huo ukishapita, mwagia maji pembeni, uguse zulia chini ya dashibodi kama limelowa.

Omba risiti inayotenganisha kioo, ufundi na upangaji wa kamera, pamoja na ripoti ya kamera yenyewe. Nakala moja iende kwenye kampuni. Nyingine iweke ndani ya hati ya bima, kwenye ule ukurasa wa jedwali, maana sasa unayo gharama halisi ya kioo chako. Siku hiyohiyo mwandikie wakala barua fupi: kinga yangu ya kioo irejeshwe, na kikomo chake kifike kiasi hiki.