Somo: Mabakuli ya kale ya chapa, anza kwa kutizama kitako

Assalaam alaykum. Wengi mmeniuliza namna ya kuanza kukusanya mabakuli na sahani za Kizungu ambazo bibi zetu walikuwa wakizipanga kwenye zidaka. Bado zimo majumbani, Unguja na Pemba, na zinatupwa kila nyumba inapobomolewa. Inaniuma, ndiyo maana naandika.

Kwanza, geuza. Usisifu maua kabla hujaona kitako. Ukikuta kiumbe chenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, pamoja na jina Petrus Regout na MAASTRICHT, umeshika kazi ya Uholanzi. Kiwanda hicho kilianza miaka ya 1830, na mwaka 1899 kikachukua jina la De Sphinx. Jirani yake wa mji huohuo, Société Céramique, alikuwa akiandika MAESTRICHT, kwa E, mara nyingi pamoja na simba. Soma herufi hiyo vizuri. Wauzaji wengi hawaitizami.

Jina la nchi nalo linasaidia. Sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za nje ziandikwe zilikotoka, na viwanda vingi vya Ulaya vikafuata. Kwa hiyo alama ya kitako yenye "Made in Holland" kwa kawaida ni ya karne ya 20. Lakini kukosekana kwa jina la nchi peke yake si ushahidi wa ukale.

Pili, chunguza rangi ilivyopigwa. Hapa ndipo penye utamu. Mabakuli mengi yaliyoletwa mwambao yalipigwa chapa kwa sifongo: kipande kinakatwa umbo la ua au nyota, kinachovywa rangi, kinagandamizwa kwenye bakuli, tena na tena kuzunguka ukingo. Tizama ua la kwanza na la mwisho. Moja limekolea, jingine limefifia, na pale mzunguko unapokutana mara nyingi maua mawili yamebanana. Huo ni mkono wa mfanyakazi, nami naupenda kuliko sahani yoyote iliyonyooka. Chukua lenzi: ukiona vitone vidogo vilivyopangika sawasawa, hiyo ni picha ya kubandika ya kiwandani, na pengine ni kitu cha juzi.

Tatu, gonga kwa ukucha. Bakuli zima hulia, lenye ufa hutoa sauti butu.

Nne, usiokote magofuni. Ras Mkumbuu, Tumbatu, Maruhubi, na hata mashamba ya zamani ya mikarafuu: wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya aina hii kwenye mashamba hayo, na kila kigae kinaeleza watu waliishi vipi pale kilipolala. Ukikiondoa, habari hiyo imekufa. Pita, piga picha, waarifu wahusika wa mambo ya kale.

Tano, osha kwa upole. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini. Dawa ya klorini usiikaribishe, huingia kwenye nyufa na kubambua utando wa kioo, ule mng'aro unaofunika chombo. Na usipakulie achari wala kitu chochote cha ndimu: utando wa zamani mara nyingi una madini ya risasi, nayo ni sumu inayotoka kwa vitu vichachu.

Sita, andika. Nani alikuwa nalo, nyumba gani, lilikuja na harusi ya nani. Uliza wazee wangali hai.

MASWALI

*Mwanachama, Wete:* Maalim, sahani nyeupe ya bibi ilikuwa ya kuandikia kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani, zikaoshwa na kunywewa. Ina umanjano wa zafarani kwenye nyufa. Niutoe vipi?

Usiutoe, mwanangu. Umanjano huo ndio unaoonyesha sahani ilifanya kazi gani. Ifute vumbi tu, na uandike ni nani aliyekuwa akiandika.

*Mwanachama, Mkunazini:* Nitajuaje kama dukani nimeuziwa jipya?

Kitako kikitaja mashine ya kuoshea vyombo au maikrowevu, rudisha. Pia tizama ukingo wa chini: chombo kilichotumika miaka mingi kina mikwaruzo isiyo na mpango, chombo kilichozeeshwa kwa msasa kina mikwaruzo ya upande mmoja.

*Mwanachama, Chake Chake:* Ami aliniachia kikombe kizito cha udongo wa kijivu, kina mkono, maandishi ya Kijerumani na jina la kiwanda cha bia. Naona haya kukiweka sebuleni.

Haya yako naielewa, nacho si lazima kikae sebuleni, kabatini panatosha. Lakini usikitupe. Viwanda vya bia vilitoa vikombe vya namna hiyo kujitangaza. Kama uso wake una vinundu kama ganda la chungwa, kilichomwa kwa chumvi iliyotupwa tanurini. Tafuta karibu na ukingo mstari na alama ya ujazo, mfano 0,5 L. Tizama pia juu ya mkono, mfuniko wa bati huacha alama ya mkanda wake. Kisha nakili jina la kiwanda na la mji, herufi kwa herufi. Ukijua kiwanda kilifunguliwa na kufungwa lini, umepata mipaka ya umri wa kikombe.