Kurekebisha kabureta mbili za SU za Datsun 1600SSS kwa hewa ya Mbeya

Datsun 1600SSS iliyorekebishwa Dar es Salaam ikifika Mbeya huanza kusumbua: sailensi (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, ukikanyaga mafuta unatoka moshi mweusi, na plagi zinajaa masizi. Chanzo ni mwinuko. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Kabureta haijui hilo, inaendelea kumwaga mafuta. Nguvu nayo inapungua kwa kiasi kama hicho, na hiyo hairudi kwa bisibisi. Usafi wa uunguzaji ndio unaoweza kuurudisha, na injini yake, L16, inastahili kazi hiyo. Ni injini ya sentimita za ujazo 1,595, ya aina ile ile iliyokuwa ndani ya 1600SSS ya Edgar Herrmann aliposhinda Safari Rally mwaka 1970.

Nati ya mafuta, ile inayopandisha na kushusha jeti (mrija mdogo unaotoa mafuta), ndiyo ya mwisho kuguswa. Mafundi wengi huanza nayo, halafu wanazunguka siku nzima kutafuta ugonjwa ulioko kwingine.

Anza na vali. Injini ikiwa ya moto, weka nafasi ya milimita 0.25 upande wa kuingiza na 0.30 upande wa ekzosi. Ikiwa ya baridi, 0.20 na 0.25. Utahitaji spana namba 14 na 17 pamoja na fila geji. Ukishakaza nati ya kufungia, pima tena, maana nafasi hubadilika wakati wa kukaza. Platina ziwe na nafasi ya milimita 0.5, plagi 0.8. Taimingi weka kama kitabu kinavyosema, kisha isogeze mbele digrii 2. Hewa nyepesi inairuhusu. Injini ikigonga ukipanda Iwambi kutoka Mbalizi kwa gia ya tatu, rudisha taimingi.

Sasa tafuta hewa inayoingia kwa wizi. Injini ikiwa kwenye sailensi, nyunyizia maji yenye sabuni kwenye gasketi za manifoldi, kwenye vipande vinavyotenganisha kabureta na manifoldi, na kwenye ncha za ekseli za kipepeo (kibamba kinachofungua na kufunga njia ya hewa). Mlio ukibadilika, hapo panavuja. Usitumie petroli kwa kipimo hiki, moto uko karibu mno. Ekseli ya kipepeo iliyolika ni ugonjwa wa kawaida wa kabureta za umri huu, na hakuna nati itakayoitibu. Mpelekee fundi wa mashine aweke bushi.

Fungua kofia za kabureta, moja baada ya nyingine. Kila pistoni imekaa na kofia yake tangu kiwandani, kwa hiyo usizichanganye. Safisha kwa petroli na kitambaa laini, msasa usiguse kabisa. Bega la sindano inayoingia kwenye jeti liwe sawasawa na uso wa chini wa pistoni. Rudisha kofia bila kidhibiti cha oili (fimbo ya juu inayotuliza mwendo wa pistoni), inua pistoni kwa kidole na uiachie. Ikianguka yenyewe na kugonga chini, iko sawa. Ikisita, jeti haiko katikati au kofia imekazwa upande. Mwishoni tia oili ya SAE 20 kwenye kidhibiti. Ukiisahau, gari inakohoa kila unapokanyaga ghafla.

Angalia choki pia, hasa Juni na Julai ambapo kila mtu anaivuta asubuhi. Kwenye SU, choki hushusha jeti. Kebo ikiwa na kutu, jeti moja inabaki chini na plagi za silinda mbili zinakuwa nyeusi huku nyingine mbili zikiwa safi. Sukuma jeti zote juu kwa mkono kuhakikisha zimerudi. Na kama mtu alifunga pampu ya umeme ya gari la injeksheni, iondoe: inasukuma zaidi ya bar 2, wakati SU inataka kama 0.25. Mafuta yatafurika hata boya likiwa zima.

Kusawazisha: pasha injini moto, legeza kiungo kinachounganisha vipepeo viwili, kisha chukua mpira mwembamba wa nusu mita. Ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta. Zungusha skrubu za sailensi mpaka mvumo wa pande zote mbili ulingane, karibu mizunguko 700 kwa dakika, ndipo ukaze kiungo.

Nati ya mafuta sasa. Pandisha jeti mpaka juu kabisa, shusha mizunguko miwili na nusu kote kuwili. Inua pistoni ya kabureta moja milimita 1 tu. Mlio ukipanda na kubaki juu, mafuta yamezidi: pandisha jeti robo ya mzunguko. Ukishuka na injini kutaka kuzima, mafuta ni machache. Ukipanda kidogo kisha ukarudi, umefika. Fanya na ya pili, halafu rudia ya kwanza, kwa sababu zinaathiriana. Kila baada ya dakika mbili tatu kanyaga hadi mizunguko 3,000 kusafisha plagi, la sivyo masizi yatakudanganya.

Jaribu mlimani, zima injini ukiwa bado unavuta, fungua plagi. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo unayoitaka.

Ukishuka Kyela, ambako ni takriban mita 500 tu, mpangilio huu utakuwa na mafuta machache: injini itapata joto na kugonga. Kabla ya kuondoka Mbeya shusha jeti robo ya mzunguko kila upande na urudishe zile digrii 2 za taimingi. Weka alama ya rangi kwenye nati ili ukirudi ujue pa kuiweka.