Ukirudi kwenye vitabu, anza na ubeti mmoja

Mwaka mzima umekupita hujamaliza hata kitabu kimoja? Usianze na lile buku la kurasa 400 uliloliacha katikati. Hadithi ushaisahau, wahusika wamekuchanganyikia, na ukilazimisha utachoka upesi.

Anza na kifupi. Mimi nilirudi na mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wetu wa Mombasa wa karne ya 19. Ubeti una mishororo minne, kila mshororo mizani, yaani silabi, 16, kwa hivyo feri ya Likoni ikifika ng'ambo nishausoma mara mbili, na lile neno la zamani lisilonielea nimelipigia mstari kwa penseli nikamuulize bibi. Utamu wenyewe ndio huo, wa kwenda kuuliza.

Simu itie mkobani kabla hujapanda. Usiku kitabu kiweke juu ya mto, si kwenye rafu, ili usiweze kulala bila kukishika. Ukisoma kurasa mbili ukasinzia, zinatosha, lala. Baada ya wiki tatu hivi nilijikuta barazani jioni, chai imepoa, nami sijainua kichwa.