Mambo ya kuzingatia kabla ya kuanza mradi wa mwaka wa mwisho wa teknolojia ya uhandisi

Miradi mingi ya wanafunzi inayokwama mwezi Juni, wiki chache kabla ya kutetewa mbele ya watahini, huwa ilikwama tangu Novemba, siku kichwa cha mradi kilipoandikwa kwenye fomu bila mtu yeyote kukaa chini na kalamu kufanya hesabu. Nimeliona jambo hili kwa wanafunzi wa stashahada na kwa wale wa shahada pia, wa umeme, wa mitambo na wa elektroniki, nami naandika hapa yale ambayo ningependa kila kundi liyajadili kabla ya kununua hata waya mmoja. Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia mradi mmoja ambao vyuo vyetu vya Tanzania huupokea mara kwa mara, yaani kikaushio cha mahindi kinachotumia joto la jua.

Jambo la kwanza ni swali la mradi, na hapa ndipo ningeshauri kundi litumie muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kichwa kama "Kutengeneza kikaushio cha kisasa cha mahindi" kinataja kifaa, lakini hakisemi ni nini kitakachopimwa wala ni lini kazi itahesabiwa kuwa imekamilika. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, kwa sababu punje zikihifadhiwa zikiwa na unyevu mkubwa huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo ndio unaozalisha sumukuvu. Kwa hiyo swali linaweza kuandikwa hivi: je, kikaushio chenye kisanduku cha kukusanya joto cha nusu mita ya mraba kinaweza kushusha unyevu wa kilo 10 za mahindi kutoka asilimia 20 hadi 13.5 ndani ya siku moja ya jua, bila hewa ya ndani kupita nyuzi 60 za selsiasi? Swali la namna hii lina kiasi, lina kikomo, na linaweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Hata jibu likiwa hapana, mwanafunzi aliyepima vizuri bado ana ripoti ya kutetea.

Mtu atauliza kwa nini kilo 10, wakati mkulima huuza kwa gunia. Jibu limo katika hesabu ambayo haihitaji zaidi ya nusu ukurasa. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 zina kilo 80 za punje kavu na kilo 20 za maji. Ili unyevu ushuke hadi asilimia 13.5, uzito wote lazima ufike kilo 92.5 hivi, maana yake ni kuondoa kilo 7.5 za maji. Kuvukiza kila kilo ya maji katika joto la kikaushio kunahitaji takribani megajuli 2.4, hivyo kazi nzima inataka megajuli 18, ambazo ni sawa na kilowati-saa 5, yaani uniti 5 za umeme kama tunavyozinunua kwenye LUKU, na kwa kweli zaidi kidogo, kwa kuwa maji yaliyo ndani ya punje hayatoki kwa urahisi kama ya kwenye sufuria. Sasa tuchukue siku nzuri ya jua inayoleta kilowati-saa 5 kwa kila mita ya mraba, na tukadirie kwamba pungufu kidogo ya theluthi moja, yaani asilimia 30, ndiyo itakayofika kwenye punje. Kisanduku cha mita moja ya mraba kitatoa kilowati-saa 1.5 kwa siku, na gunia litahitaji zaidi ya siku tatu. Kwa kilo 10, nusu kilowati-saa inatosha, na kisanduku cha nusu mita ya mraba kinatoa robo tatu. Kundi lililofanya hesabu hii mwezi Novemba linajua ukubwa wa kioo na wa bati litakalonunua. Kundi lisiloifanya hununua kwa kukisia, kisha hushangaa mahindi yakiwa bado na unyevu jua linapozama.

Jambo la pili linahusu vipimo, na limewaangusha wengi ambao kifaa chao kilikuwa kizuri. Kihisi kinachoitwa DHT11 ni cha bei nafuu na kinapatikana kila duka la elektroniki Kariakoo, kwa hiyo wanafunzi hukichukua bila kusoma karatasi yake ya maelezo. Karatasi hiyo inasema kihisi hicho hupima joto kuanzia nyuzi 0 hadi 50 tu, tena kwa makosa ya nyuzi 2 juu au chini, ilhali kikaushio chetu kinatarajiwa kufika nyuzi 60. DHT22 ni ghali kidogo lakini hufika nyuzi 80 na makosa yake ni nusu nyuzi. Lipo pia kosa kubwa zaidi ya hilo: vihisi vyote viwili hupima unyevu wa hewa, si unyevu wa punje, na mtahini makini atauliza swali hilo ndani ya dakika tano za mwanzo. Unyevu wa punje hujulikana kwa kupima uzito wa sampuli, kuikausha katika tanuri la maabara, na kuipima tena. Kwa mahindi mazima njia inayokubalika ni nyuzi 103 kwa saa 72. Saa 72 ni siku tatu kamili ambazo tanuri halitatumiwa na mtu mwingine, kwa hiyo kundi linalohitaji sampuli sita kwa nyakati tofauti linapaswa kuonana na mkuu wa maabara mapema na kuandikiwa zamu, badala ya kufika mlangoni wiki ambayo kila kundi linalitaka tanuri hilohilo.

Halafu kuna msimu. Mahindi mabichi yenye unyevu wa asilimia 20 hayapatikani mwaka mzima. Nyanda za Juu Kusini huvuna kuanzia Juni kuelekea Agosti, wakati ripoti za wanafunzi zinafungwa, na maeneo yenye mvua za vuli huwa na mavuno madogo Januari na Februari. Anayesubiri mahindi ya Mbeya ndipo ajaribu kifaa chake atakuwa amechelewa. Zipo njia mbili za halali: kupanga majaribio yafuate mavuno ya vuli, au kulowesha upya mahindi makavu kwa kipimo. Kilo 10 zenye unyevu wa asilimia 12 zikiongezewa lita moja ya maji zinakuwa kilo 11 zenye unyevu wa asilimia 20. Maji hayo huongezwa kidogo kidogo, mahindi hufungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa na kuwekwa kwenye jokofu siku kadhaa ili unyevu uenee sawasawa. Njia ya pili ikitumika ni lazima iandikwe wazi katika ripoti, kwa kuwa punje zilizoloweshwa upya hazikauki sawasawa kabisa na zilizotoka shambani.

Kuhusu umeme na elektroniki nitaeleza yaliyonipata mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi, kundi letu liliweka moduli ya simu ya SIM800L ili kifaa kitume ujumbe mfupi kwa mkulima. Kila ilipojaribu kutuma, taa ndogo ilizimika na moduli ikaanza upya. Tulibadilisha programu kwa wiki mbili, tukabadilisha laini ya simu, tukahamia dirishani kutafuta mtandao. Fundi wa maabara alipokuja na mita yake alitazama mahali tulipochukua umeme, yaani pini ya volti 5 ya Arduino, ile bodi ndogo iliyokuwa ikiendesha kifaa chetu, akatuuliza kama tumesoma karatasi ya maelezo. Moduli ile inataka kati ya volti 3.4 na 4.4, na kwa kitambo kifupi inapotuma huvuta hadi ampea 2, mkondo ambao pini ile haiwezi kuutoa. Tuliipa chanzo chake cha umeme na kapasita ya mikrofaradi 1000, inayohifadhi umeme kidogo na kuutoa haraka unapohitajika, karibu na miguu yake, na ikatuma siku hiyohiyo. Wiki mbili zilizopotea zilikuwa ndizo tulizotenga kwa ajili ya majaribio ya joto, na ripoti yetu ilionesha pengo hilo. Tangu hapo nasisitiza kwamba kila kundi liandike jedwali la umeme kabla ya kununua: kila kifaa kinataka volti ngapi, kinavuta ampea ngapi kikiwa kimetulia na kikiwa katika kilele, na chanzo kinaweza kutoa kiasi gani. Pale ambapo mradi unagusa umeme wa ukutani wa volti 230, sanduku liwe na fyuzi na waya wa ardhi tangu mfano wa kwanza, na mwanafunzi asiufanyie kazi peke yake usiku karakanani.

Bajeti iandikwe pamoja na vitu ambavyo watu huvisahau: nauli, uchapaji wa ripoti, vipuri vya ziada kwa kila kifaa kinachoungua kirahisi, na malipo ya fundi wa bati au wa kulehemu. Vitu vinavyoagizwa nje vinaweza kuchukua wiki nyingi njiani, hivyo ni busara mradi usanifiwe kwa vitu vilivyopo madukani nchini, na kile kimoja tu kisichopatikana kiagizwe mara andiko la mradi linapopitishwa. Kwa kazi za bati na chuma, karakana za SIDO (shirika la viwanda vidogo) na VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) zilizoko mikoani zinafaa kuulizwa, na walio karibu na Arusha wanaweza kuwatembelea wataalamu wa zana za kilimo wa CAMARTEC kabla ya kuchora chochote.

Msimamizi naye ana wanafunzi wengi, na anayemfikia akiwa na swali lililoandikwa hupata jibu lililo bora. Wakubaliane mapema siku ya kuonana, na kila kikao kiandikwe katika daftari la mradi pamoja na tarehe, mchoro, kipimo na kosa lililotokea. Daftari hilo ndilo litakaloandika ripoti. Anayelijaza kila siku hatakesha akijaribu kukumbuka joto la saa saba mchana la tarehe fulani ya Machi. Nakala za programu na data zihifadhiwe zaidi ya mahali pamoja, kwani kompyuta huibiwa na kuharibika. Ndani ya kundi, kila mmoja awe na sehemu anayoiwajibikia kwa jina lake, lakini wote waielewe kazi nzima, maana mtahini humchagua yeyote na kumwuliza chochote.

Hapa sina budi kusema kuhusu miradi ya kununuliwa. Wapo watu wanaowatengenezea wanafunzi kifaa kizima kwa malipo, na najua msukumo uliopo, hasa kwa aliyechelewa. Mwanafunzi huyo anapoulizwa kwa nini kipingamizi hiki ni cha omu 220 na si cha 1000, ananyamaza, na ninaumia kumtazama kwa sababu miezi sita ingetosha kabisa kumfundisha jibu hilo. Kuomba msaada wa fundi ni sawa. Uandikwe tu katika ripoti kwamba sehemu hii ilifanywa na fundi, na kwa nini.

Wenye wazo ambalo ni jipya kwa kweli wazungumze na chuo kuhusu hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, kabla ya kulionesha kwenye maonesho yoyote, kwani kulitangaza hadharani kunaweza kuondoa sifa yake ya upya. Kwa Tanzania Bara maombi hupokelewa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni.

Mwisho, ipangwe mapema namna ya kuutetea mradi. Ukumbi hauna jua, na kikaushio cha jua kilichowekwa juu ya meza mbele ya watahini hakitakausha kitu. Kundi liamue tangu mwanzo kwamba litarekodi video ya siku nzima ya majaribio ikionesha saa na usomaji wa joto, litaandaa chati ya uzito wa mahindi kwa kila saa, na litakuja na mitungi miwili midogo yenye vifuniko, mmoja wa punje zilizoingia kikaushioni na mwingine wa zilizotoka, kila mmoja ukiwa na kibandiko cha tarehe na asilimia ya unyevu iliyopimwa kwa tanuri.