Kufundisha maarifa ya jamii kwa chakula: chagua zao moja tu

Walimu wenzangu wa madarasa ya chini, watoto wanaliona somo hili kavu sababu tunaanza na maneno mazito, uchumi, uhamiaji, biashara, wakati vyote hivyo viko kwenye sahani zao. Mi nashauri uchukue zao moja ukae nalo wiki mbili tatu hivi, usirukeruke.

Kabla ya yote, tafadhali usimsimamishe mtoto umuulize "umekula nini asubuhi?" Kuna mtoto amekuja na njaa, utamuaibisha bure. Lete zao mwenyewe, weka mezani walishike, walinuse, waulize maswali.

Tuseme ni viazi mviringo. Bandika ramani ya dunia na uanze kuvuta uzi kutoka milima ya Andes, Peru na Bolivia za leo, ambako vimelimwa maelfu ya miaka, mpaka Ulaya vilikopelekwa na Wahispania karne ya 16. Wakubwa kidogo, darasa la nne kwenda juu, wafikishe Ireland 1845: ugonjwa ukaozesha viazi mashambani, na masikini walikuwa wanategemea viazi karibu peke yake, miaka michache tu watu kama milioni 1 wamekufa na wengine zaidi ya hapo wamehama nchi. Afu waulize, mbona nafaka ziliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza wakati watu wanakufa njaa? Nyamaza. Usikimbilie kuwapa jibu, wataanza wenyewe kuuliza shamba lilikuwa la nani na serikali ilikuwa wapi, na hilo ndo somo lenyewe.

Siku nyingine cheza mchezo wa punje 20 za maharage. Mnunuzi anampa mwenye duka zote 20, huyo anabakiza anazoona ni haki yake, anampasia dereva, dereva anampasia mkulima. Mara nyingi mkulima anaishia na punje mbili tatu na kelele zinaanza hapo hapo! Waache wabishane, kila mmoja ataje gharama zake, afu wabadilishane nafasi mcheze tena. Mzunguko wa tatu mwambie mkulima mvua haikunyesha.

Na wapande kitu. Maharage kwenye kopo lililotobolewa chini yanachipua ndani ya wiki moja hivi, kila siku wachore na kuandika tarehe. Mtoto anayelazimika kumwagilia kila siku anaelewa haraka kwa nini watu walioanza kulima ngano na shayiri kule Mashariki ya Kati, miaka kama 10,000 iliyopita, walitulia sehemu moja wakajenga vijiji.

Zamu za kumwagilia wapange wenyewe, wikiendi pia wajue nani anahusika. Kopo likikauka usioteshe jingine kimyakimya, liache pale walione, wakae chini wapange zamu upya.