Nairobi hadi New York: piga hesabu ya umbali na saa za safari mwenyewe

Nikiwa wakala wa tiketi, naulizwa mambo mawili kabla hata ya nauli: ni mbali kiasi gani, na nitafika saa ngapi? Huhitaji kuniuliza. Fungua kikokotoo cha simu, ilaze simu ili vitufe vya sin na cos vitokee, na hakikisha kimewekwa DEG, yaani kinapima pembe kwa nyuzi. Kikiwa RAD (radiani, kipimo kingine cha pembe), utapata majibu ya ajabu.

Hatua ya 1. Andika vilipo viwanja. JKIA (Nairobi): latitudo -1.32, longitudo 36.93. JFK (New York): latitudo 40.64, longitudo -73.78. Kusini na magharibi huwekewa alama ya kutoa. Tofauti ya longitudo ni 110.71.

Hatua ya 2. Zidisha sin za latitudo zote mbili: -0.015. Kisha zidisha cos za latitudo hizo kwa cos ya 110.71: -0.268. Jumlisha, upate -0.283. Bonyeza cos⁻¹ upate nyuzi 106.4, uzidishe kwa 111.2, ambazo ndizo kilomita za uzi mmoja wa mzingo wa dunia. Jibu: karibu kilomita 11,840.

Rula juu ya ramani ya ukutani itakudanganya. Itakutoa Afrika kupitia Mauritania, ilhali njia fupi, kwa kuwa dunia ni mviringo, inakata Sahara na kutokea Morocco.

Hatua ya 3. Ndege kubwa hukata kama kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo ni saa 13 na dakika chache. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Halafu upepo: juu ya Atlantiki huvuma kwa nguvu kutoka magharibi, hasa majira yao ya baridi. Kwenda unakupiga usoni, kurudi unakusukuma mgongoni. Mimi huweka saa 15 za kwenda, na za kurudi hupunguza moja au zaidi.

Hatua ya 4. Rekebisha saa. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 wakati wa baridi, na saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ukiondoka Januari saa 23:30, ongeza 15, Nairobi itakuwa 14:30 kesho yake. Toa 8: unatua 06:30, yaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Umesafiri usiku kucha na bado una siku nzima mbele yako.

Hatua ya 5. Soma tarehe mara mbili, hasa ukiunganisha ndege kupitia Ulaya au Ghuba, maana nyingi za hizo huondoka Nairobi baada ya saa sita usiku. Mteja wangu mmoja aliona "Ijumaa 00:30", akaja uwanjani Ijumaa usiku na masanduku matatu na shangazi wawili wa kumsindikiza. Ndege yake ilikuwa imeondoka jana yake usiku. Tiketi ya namna hiyo ina maana uwe uwanjani Alhamisi, saa tatu na nusu usiku.