Toa DNA ya kitunguu jikoni kwako, kisha tuhesabu kromosomu

Kila nikifika mada hii na wanafunzi wangu wa jioni hapa Dodoma, swali ni lilelile: "Mwalimu, wewe DNA umeshawahi kuiona?" Herufi nne za DNA (maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli), A, T, G na C, wamezikariri, ngazi iliyojisokota wanaichora vizuri, lakini moyoni wanaona ni mambo ya vitabuni tu. Ndiyo maana siku hizi naanzia jikoni.

Tafuta kitunguu kimoja (vya Singida vimejaa pale soko la Majengo), chumvi, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, chujio la chai, glasi mbili na spiriti kali, ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ilale kwenye friza tangu jana yake, kifuniko kimekazwa. Isikaribie jiko na isionjwe.

Hatua ya 1. Katakata nusu ya kitunguu, twanga kwenye kinu mpaka kilainike. Seli ya mmea ina ukuta mgumu. Sabuni haiuwezi, mchi unauweza.

Hatua ya 2. Weka maji nusu glasi, vijiko viwili vya chai vya sabuni na kimoja cha chumvi. Koroga taratibu lisitoke povu, kisha tia kitunguu. Utando wa seli, na ule unaozunguka kiini, una mafuta ndani yake, kwa hiyo sabuni inaufanya kama inavyofanya sufuria ya pilau. Chumvi nayo ina kazi: DNA ina chaji hasi, nyuzi zake zinasukumana, na sodiamu ya chumvi inazituliza mpaka zikubali kukaa pamoja.

Hatua ya 3. Tumbukiza glasi kwenye maji ya nyuzi joto 60 hivi (mkono hauvumilii, lakini hayachemki) kwa dakika 15, ili kudhoofisha enzaimu zinazokatakata DNA. Ipoze kwenye maji baridi, chuja.

Hatua ya 4. Hapa usiwe na haraka. Inamisha glasi ya pili yenye mchujo, mimina spiriti iteleze ukutani polepole mpaka ikae juu kama mafuta juu ya supu. Vipimo vilingane. Usikoroge. Mara yangu ya kwanza nilimimina kwa pupa, tena spiriti ya vuguvugu, darasa zima likakaa linatazama maji machafu. Ukitulia, pale tabaka mbili zinapokutana kitatokea kitu cheupe kama uzi wa pamba uliolowa, kinapanda juu taratibu. Kizungushie kwenye kijiti cha meno, kitavutika. Binti mmoja wa Kigogo alikitazama akacheka: "Mwalimu, huu si mlenda?"

Kwa macho, ni mlenda kweli. Ila jua kwamba huo si uzi mmoja. Uzi mmoja wa DNA una upana wa nanomita 2 (gawa milimita moja mara milioni, chukua vipande viwili), hauonekani hata kidogo. Unachovuta ni mamilioni yaliyojisokota pamoja, yakiwa na RNA (ndugu yake DNA) na protini kiasi. Mwanasayansi wa Uswisi, Friedrich Miescher, alipata kitu cha namna hiyo mwaka 1869 kutoka kwenye usaha wa bendeji za hospitali. Sisi tuna kitunguu, tushukuru.

Sasa kuhesabu, ambako wengi huangukia kwenye mtihani. Ndani ya seli, mlenda huo umefungwa katika kromosomu. Kitunguu kina 16, yaani jozi 8. Kabla seli haijagawanyika, DNA hunakiliwa, na kila kromosomu inakuwa na kromatidi mbili (yaani nakala mbili) zilizoshikana sehemu moja iitwayo sentromia. Je, zimekuwa 32? Hapana. Hesabu sentromia, usihesabu mikono: bado 16. Kwenye anafezi, hatua ambayo nakala huvutwa pande mbili za seli, kromatidi zinaachana, kila moja na sentromia yake, na hapo tu ndipo seli inakuwa na 32 kwa muda. Seli mbili zinazozaliwa zinapata 16 kila moja. Hiyo ni mitosisi. Majina ya hatua nyingine yakariri ukijua hesabu hii, si kabla.

Meiosisi, mgawanyiko wa kutengeneza seli za uzazi, inagawa mara mbili baada ya kunakili mara moja, kwa hiyo chavua ya kitunguu ina 8. Tena kabla ya kugawana, kromosomu za jozi moja hubadilishana vipande, hivyo hakuna chavua mbili zinazolingana kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanafunzi, Kongwa: Shikamoo mwalimu. Nimesoma kuwa kitunguu kina DNA nyingi kuliko binadamu. Ni kweli?

Marahaba. Ni kweli. Seti moja ya kromosomu za kitunguu ina herufi kama bilioni 16, ya binadamu kama bilioni 3. Sehemu kubwa ya hiyo ya kitunguu ni vipande vinavyojirudia, havitengenezi protini. Urefu wa daftari hauonyeshi kilichoandikwa ndani.

Baba wa watoto wawili: Samahani mwalimu, kwa njia hii ya sabuni naweza kujua mtoto ni wangu?

Hapana, ndugu yangu. Utapata mlenda wa mtoto na mlenda wako, yote meupe. Kipimo cha vinasaba hulinganisha sehemu maalumu za DNA zinazojirudia, kuona mtoto amechukua idadi ipi kwa nani. Hapa nchini kinasimamiwa na sheria ya mwaka 2009, kupitia Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na ombi hupelekwa na wanaotambuliwa kisheria, kama mahakama au ustawi wa jamii. Na kabla ya kwenda huko, zungumza kwanza na mama yao.

Mkulima wa zabibu, Hombolo: Sisi tunapanda pingili, mbegu hatupandi. Wazee walisema mbegu inatoa zabibu nyingine. Mwaka huu tawi moja la mzabibu mweusi limezaa zabibu za rangi ya kijivu. Nini hicho?

Wazee walisema kweli. Mzabibu una kromosomu 38. Pingili hukua kwa mitosisi tupu, kwa hiyo ni nakala ya mama yake. Mbegu imepitia meiosisi na chavua, karata zimechanganywa upya. Ila nakala nayo hukosewa mara chache. Kosa likitokea kwenye seli ya chipukizi, tawi lote linalotoka hapo hulibeba. Ulaya, zabibu ya kijivu iitwayo Pinot Gris ilitokana na nyeusi iitwayo Pinot Noir kwa njia hiyo. Kwanza hakikisha si ugonjwa wala jua kali. Rangi ikirudi msimu ujao, kata pingili kwenye tawi hilo peke yake, panda kando, na ufunge kitambaa chekundu usichanganye.